Mambo ya Hesabu: Namba Iliyosadikiwa kwa Miaka 92

Juma hili twawaletea wasomaji wetu habari za namba moja tu. Namba yenyewe ni 4,294,967,297. Mtu akiikuta katika daftari ya fedha atadhani ni mapato ya serikali. Lakini hapa si shilingi wala si ratili. Ni namba tupu, na habari zake zamfaa kila mtu ambaye kazi yake ni kujumlisha, kutoa, na kutia sahihi chini ya hesabu.

Kwanza tuone namba hii imetoka wapi. Chukua punje moja ya mahindi. Siku ya kwanza zidisha kwa mbili, upate punje 2. Siku ya pili zidisha tena, upate 4. Siku ya tatu 8. Siku ya nne 16. Ukaendelee hivyo hivyo kila siku. Siku ya 10 utakuwa na punje 1,024, ambazo hazijazi hata kibaba. Siku ya 20 utakuwa na punje 1,048,576. Tukikadiria kwamba punje tatu zina uzito wa gramu moja, hayo ni magunia karibu manne ya kilo 90. Siku ya 32 utakuwa na punje 4,294,967,296, yaani magunia yapata 15,900, na hakuna ghala nyumbani kwako litakaloyatosha. Wazee waliosema kwamba haba na haba hujaza kibaba hawakuwa wakifikiria jambo la kuzidisha kwa mbili kila siku; kwa njia hii kibaba hujaa mapema, na ghala hufuata. Sasa juu ya rundo hilo kubwa ongeza punje moja tu. Hiyo ndiyo namba yetu.

Swali tunaloliuliza juu yake ni hili: je, yaweza kugawanywa sawasawa, bila baki? Mkulima mwenye miche 15 ya kahawa aweza kuipanda katika safu tatu zenye miche mitano mitano. Lakini mwenye miche 17 hawezi. Akijaribu safu mbili, mmoja unazidi. Akijaribu tatu, miwili inazidi. Hana budi kuipanda yote katika safu moja ndefu. Namba kama 17, isiyogawanyika kwa namba nyingine yo yote ila 1 na yenyewe, huitwa namba tasa. Jina hili ni zuri, maana namba hizo hazikuzaliwa kwa kuzidishana kwa namba nyingine zilizo ndogo kuliko zenyewe.

Huko Ufaransa, katika mji wa Toulouse, palikuwa na mwanasheria aitwaye Pierre de Fermat, aliyekuwa mshauri katika mahakama kuu ya mji huo. Hesabu haikuwa kazi yake ya mshahara. Aliifanya kwa kuipenda tu, akawa hachapishi vitabu, bali aliandika barua kwa rafiki zake. Na hata hivyo wataalamu wa Ulaya nzima walimheshimu kuwa mmoja wa wakubwa wao. Mwaka wa 1640 alimwandikia Bwana Bernard Frenicle de Bessy habari za namba zipatikanazo kwa njia ile ya punje. Alitazama siku ya 1, ya 2, ya 4, ya 8 na ya 16, na kila mara akaongeza moja. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Kisha akasema kwamba anasadiki kuwa zote zinazofuata ni tasa pia, na ya kwanza katika hizo zinazofuata ni hii yetu ya siku ya 32.

Yafaa tumtendee haki Bwana Fermat. Alikiri katika barua yake kwamba hana uthibitisho kamili. Lakini maneno ya mtu mkubwa yana desturi ya kusafiri mbali na kuacha nyuma maonyo yaliyofuatana nayo. Fermat alikufa mwaka wa 1665, na neno lake likabaki.

Sasa natuone ugumu wa kazi ya kulipima neno hilo. Ikiwa namba yetu yagawanyika katika namba mbili, basi moja ya hizo mbili lazima isizidi 65,536, maana 65,536 kwa 65,536 hutoa 4,294,967,296, ambayo ni pungufu kwa moja tu. Namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542. Karani mwenye subira angeweza kuzijaribu moja moja: 2, kisha 3, kisha 5, kisha 7, na kuendelea. Nyingine hazihitaji hata kalamu. Namba yetu yaishia 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Zinazobaki ni kazi ya jasho. Kama angetumia dakika kumi kwa kila moja, kuzimaliza zote kungemchukua miezi mingi. Lakini asingehitaji kuzimaliza. Jibu lilikuwa likimngoja katika namba tasa ya 116, yaani kazi ya saa ishirini hivi. Kwa saa ishirini za kazi ambazo hakuna aliyezitoa, Ulaya ilikaa miaka 92 bila kujua.

Mwezi wa Desemba 1729 mtaalamu mmoja, Christian Goldbach, alimwandikia kijana Leonhard Euler aliyekuwa akifanya kazi katika Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg, Urusi. Alimwuliza kama anazo habari za neno hilo la Fermat. Mwanzoni Euler hakuvutwa sana. Mwaka wa 1732, akiwa na umri wa miaka 25, alitoa jibu: namba hiyo si tasa. Yagawanyika kwa 641.

Hatuwataki wasomaji wetu wasadiki neno la Euler kama watu wa zamani walivyosadiki la Fermat. Hesabu yenyewe ni hii, na kila mtu aipime kwa kalamu yake. Namba 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara 1 ni 6,700,417. Jumla ya hizo tatu ni 4,294,967,297. Basi mkulima mwenye miche mingi kiasi hicho aweza kuipanda katika safu 641, na kila safu ikapata miche 6,700,417, pasipo kubaki hata mmoja.

Makarani wengine watataka kupima kuzidisha huko kwa njia ya zamani ya kutupa tisa. Ni njia nzuri. Jumlisha tarakimu za 641: 6 na 4 na 1 ni 11, na 1 na 1 ni 2. Tarakimu za 6,700,417 ni 25, yaani 7. Mbili kwa saba ni 14, yaani 5. Tarakimu za jibu ni 59, yaani 14, yaani 5. Zinapatana. Lakini angalia: kama karani angekosea akaandika 4,294,976,297, yaani 7 na 6 zimebadilishana mahali, kutupa tisa kungempa 5 ile ile, na kosa lingepita. Kipimo hiki kikikataa, kosa lipo hakika. Kikikubali, bado hujapata hakika. Wakaguzi wa hesabu walijua hivyo tangu zamani, ndiyo sababu hawakuridhika na kipimo kimoja.

Je, yawezekana kuona kwamba 641 yaigawanya namba yetu bila kufanya kugawanya kurefu? Yawezekana, na njia yake yapendeza sana, hata tumeona vema kuieleza hapa kwa ukamilifu. Turudi kwenye punje. Siku ya 28 palikuwa na punje 268,435,456. Zikizidishwa kwa 16 huwa zile za siku ya 32. Sasa 641 ni sawa na 625 na 16. Kwa hiyo ukizidisha punje za siku ya 28 kwa 641 utapata marundo mawili: rundo la kwanza ni zile punje mara 625, nalo ni 167,772,160,000, rundo la pili ni zile punje mara 16, nalo ni 4,294,967,296. Marundo haya mawili pamoja yagawanyika kwa 641, maana tumeyapata kwa kuzidisha kwa 641. Sasa toa punje moja katika rundo la kwanza uitie katika rundo la pili. Jumla haikubadilika. Rundo la pili limekuwa namba yetu. Na rundo la kwanza limekuwa 167,771,159,999 na milioni moja juu yake, yaani 167,772,159,999, ambayo ni 639 kwa 641 kwa 409,601. Hilo nalo lagawanyika kwa 641. Ikiwa jumla yagawanyika, na rundo moja lagawanyika, rundo lililobaki haliwezi kukataa.

Mtu aweza kuuliza: Euler alijuaje kuchagua 641 kati ya maelfu yote yale? Baadaye yeye mwenyewe alionyesha, kwa uthibitisho, kwamba namba yo yote tasa igawanyayo namba yetu lazima ibakishe 1 ikigawanywa kwa 64. Sheria hii yapunguza kazi sana. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ukijaribu 193, zinabaki 109. Ukijaribu 257, zinabaki 2. Ukijaribu 449, zinabaki 325. Ukijaribu 577, zinabaki 288. Jaribio la tano ndilo 641, na hakuna baki. Kazi iliyokuwa ya miezi imekuwa ya saa moja. La ajabu ni kwamba sheria ambayo ndiyo msingi wa jambo hili aliigundua Fermat huyo huyo, na aliiandika katika barua kwa Frenicle mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule wa 1640. Panga lilikuwa mkononi mwake, na kichaka mbele yake.

Namba zile tano za kwanza hazikupotea bure. Mwaka wa 1796 kijana Mjerumani wa miaka 18, Carl Friedrich Gauss, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, jambo ambalo Wayunani wa kale hawakulijua. Na sababu yake ni kwamba 17 ni mojawapo ya namba tasa za Fermat. Bwana mwingine, Johann Hermes, alitumia miaka kama kumi akiandika namna ya kuchora umbo la pande 65,537. Makaratasi yake yamewekwa katika chuo kikuu cha Göttingen. Hatujui mtu aliyelichora. Lingeonekana duara tu.

Tena, zidisha zile tano zote pamoja: 3 kwa 5 kwa 17 kwa 257 kwa 65,537. Utapata 4,294,967,295, yaani namba yetu pungufu kwa mbili. Na namba hiyo si ngeni kwa mashine za kompyuta. Kwa miaka mingi kompyuta nyingi zilikuwa zikihesabu kwa nafasi 32, kila nafasi ikiwa na 0 au 1, na namba kubwa kupita zote iwezayo kuandikwa katika nafasi hizo ni 4,294,967,295. Ukiongeza moja, mashine hurudi kwenye sifuri, kama kipima-maili cha gari la zamani. Anwani za kompyuta katika intaneti, kwa utaratibu ulioandikwa mwaka wa 1981, zilifanywa kwa nafasi 32, nazo zikawa 4,294,967,296. Zilionekana nyingi mno. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa mwezi wa Februari 2011.

Sasa twafika mahali ambapo habari hii yaingia mfukoni mwa msomaji. Mwaka wa 1977, katika chuo kimoja cha Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitengeneza kufuli la siri kwa kutumia namba tasa. Chagua namba mbili tasa zilizo kubwa sana, uzizidishe, kisha uitangaze jumla ya kuzidisha huko mbele ya watu wote. Kila mtu aweza kufunga kwa namba hiyo. Lakini kufungua kwahitaji kujua zile mbili za kwanza. Kuzidisha 641 kwa 6,700,417 ni kazi ya dakika mbili. Kuzitafuta upya kutoka 4,294,967,297 ni kazi ya siku. Namba za makufuli ya leo mara nyingi zina tarakimu 617. Makufuli ya namna hii yamelinda barua na fedha zipitazo katika intaneti kwa miaka mingi, na katika mengi yao namba ya pili inayotangazwa pamoja na ile kubwa ni 65,537, ya mwisho katika zile tano za Bwana Fermat.

Je, kuna uthibitisho kwamba hakuna njia fupi ya kuigawanya namba kubwa? Hakuna. Wataalamu wamejaribu kwa muda mrefu, hawakuiona, nao wanasadiki kwamba haipo kwa mashine za kawaida. Hao watatu walipotangaza kufuli lao palitolewa namba moja yenye tarakimu 129 ili watu wajaribu, na ilikadiriwa kwamba kuigawanya kungehitaji muda usiofikirika. Iligawanywa mwaka wa 1994, na watu wa kujitolea mamia kadhaa waliounganisha kompyuta zao. Mwaka ule ule Peter Shor alionyesha kwamba mashine za namna nyingine kabisa, zikijengwa kubwa ya kutosha, zitaweza kugawanya namba hizo upesi. Serikali ya Marekani ilitoa mwezi wa Agosti 2024 kanuni za kwanza za makufuli mapya yasiyotegemea kugawanya namba. Kwa maoni yetu hilo ni jambo la busara: afadhali kubadili kufuli kabla mwizi hajapata ufunguo.

Na zile namba nyingine za Fermat? Ile ya siku ya 64, yenye tarakimu 20, iligawanywa mwaka wa 1880 na Mfaransa Fortuné Landry, akiwa mzee wa miaka 82. Yagawanyika kwa 274,177. Zilizofuata zimeendelea kuanguka moja baada ya nyingine. Baadhi yake zimethibitishwa kuwa si tasa, na hata hivyo hakuna mtu aliyepata bado namba hata moja inayozigawanya. Mtu asiyezoea mambo haya ataona ajabu, lakini ndivyo ilivyo: yawezekana kujua kwa hakika kwamba sanduku lina vitu viwili ndani, bila kujua ni vitu gani. Tangu Fermat mpaka leo haikupatikana namba yake ya sita iliyo tasa. Wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Wengi wanasadiki kwamba haipo.

Kwa wasomaji wapendao kujaribu, hii ni kazi ya juma hili. Je, 6,700,417 nayo ni tasa? Kwa sheria ile ya 64, na kwa kuwa namba hii haifiki 2,589 kwa 2,589, na kwa kuwa 193, 257, 449 na 577 zimekwisha kukataa, zimebaki namba saba tu za kujaribu: 641 yenyewe tena, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Andika baki ya kila moja. Ya kwanza ni 44.